Umeme wa Maziwa ya Jioni

Mama Zulekha, anayekaanga mandazi mkabala na duka letu hapa Kitale, huwasimulia wateja wake kwamba nilikipiga kile kifaa kofi. Ati Huzaifa alikuwa ameinamisha kichwa juu ya meza, amekwisha shindwa, laptopu ikimmulika utosi. Ati mimi nikaingia na ufagio, nikakitazama kifaa vile mtu hutazama mtoto anayejifanya amelala, nikasema, "Amka wewe, watu wanangojea maziwa," kisha nikakizaba kofi moja la Kibukusu, na taa zote zikawaka. Akifika kwenye kofi, mwiko wake hugonga ukingo wa karai, mafuta yakachupa, mteja akaruka nyuma. Hadithi imempatia wateja. Wengine huvuka barabara wakiwa na mandazi mkononi, wakachungulia dirishani na kuniuliza, "Ni wewe?" Mimi hucheka tu, nikaendelea kusugua bodi.

Hakukuwa na kofi. Kulikuwa na bodi ya kijani iliyoenea kiganjani, imelazwa juu ya kitambaa cheupe, na waya zimeingia ubavuni mwake kama za mgonjwa wa wodini. Kazi yangu ilikuwa kuitazama.

Nilimaliza darasa la nane kule Bungoma na shule yangu ikaishia hapo. Shangazi yangu Nabwile, dada ya baba, ndiye aliyenileta kwa Fundi Naim. Walifahamiana tangu enzi zile fundi alipokuwa akizunguka sokoni Bungoma akitengeneza redio, kabla hajafungua duka Kitale, karibu na msikiti. Nilianza kwa kufagia. Halafu nikapewa mswaki na spiriti, nikafundishwa kusafisha bodi za simu zilizoanguka chooni na zilizomwagikiwa uji. Halafu nikapewa bunduki ya kuchomelea risasi, ile inayoyeyusha madini na kuunganisha nyaya. Fundi Naim alisema macho yangu hayachoki upesi na mikono yangu haina haraka, na kwamba hayo mawili hakuna anayeweza kumfundisha mtu. Akanihamishia meza ya dirishani.

Shangazi Nabwile alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa maziwa kule Bungoma, upande ule wa barabara ya kwenda Webuye. Maziwa ya asubuhi hayakuwapa shida, yalikuwa na wanunuzi. Shida ilikuwa maziwa ya jioni. Bila baridi yangeganda kabla ya kupambazuka, kwa hivyo waliyauza kwa mchuuzi wa bodaboda aliyekuja akitaka, na asipotaka hakuja. Kisha wakapata friji la sola, tangi kubwa lenye barafu tumboni, na kwa msimu mzima mchuuzi akawa hana wa kumringia. Ndipo radi ikapiga. Tangi lilibaki zima, kompresa ikabaki nzima, lakini bodi inayoamuru vyote iliungua ikanuka kama nywele. Waliolitengeneza friji hilo walikuwa wameacha kulitengeneza.

Nilikuwa nyumbani siku shangazi aliposimama mbele ya kikundi. Alikuwa amevaa kilemba chake cha kanisani.

"Msirudi kwa mchuuzi," alisema. "Tuko na mtoto wetu Kitale kwa mafundi. Watalirudisha likiwa zima. Hilo naliweka kwa jina langu."

Mama Absalom, ambaye alikitaka kile kiti cha mwenyekiti tangu kilipotengenezwa, hakuinuka hata. Alisema akiwa amekaa, akifunga khanga yake polepole.

"Mtoto wa darasa la nane? Si ungetuambia tu tuombe mvua ya mawe, tukinge na sufuria."

Walicheka. Shangazi naye alicheka kidogo, maana ilikuwa inachekesha. Lakini walipotulia wakakubaliana: wangengoja hadi mkutano unaofuata. Friji likiamka, sawa. Lisipoamka, kiti kingeenda kwa mwingine na maziwa ya jioni yangerudi kwa bodaboda. Usiku ule shangazi hakuniambia neno kuhusu friji. Aliniongezea ugali ambao sikuwa nimeuomba.

Huzaifa ni mtoto wa kaka yake Fundi Naim. Alisomea mambo ya kompyuta Eldoret, akarudi na laptopu iliyobandikwa vibandiko kila mahali na ulimi unaokwenda mbio. Alitafuta akapata bodi nyingine iliyotoka kwenye mashine tofauti kabisa, yenye nguvu ya kutosha, lakini haikujua kitu kuhusu friji. Ingebidi ifundishwe kuanzia pumzi ya kwanza.

"Cheki hapa, Nasike," aliniambia siku ya kwanza, akinionyesha kwa ncha ya bisibisi chipu nyeusi ndogo kuliko punje ya hindi. "Hii ndiyo inagawa stima kwa bodi yote. Ndani yake kuna swichi. Moja ni ya memori, moja ya skrini, moja ya kompresa, hivyo hivyo. Lakini si swichi za kidole. Hizi unaziandikia."

"Unaziandikia nani azisome?"

"Chipu yenyewe. Unaiambia namba fulani, inafungua. Unaiambia ingine, inafunga. Sasa bodi ikipata stima asubuhi, haijui kitu. Haijui hata kama iko na skrini. Kuna programu kadogo kanaamka kabla ya zote, kanaitwa butiloda. Hako ndiko kanaamsha wengine, halafu kananyamaza."

"Kama mama wa nyumba," nikasema.

Alifikiri. "Eh. Kama mama wa nyumba. Sasa huyo mama lazima ajue swichi gani ni ya chumba gani, na aanze na gani. Hiyo sehemu ya kujua ndiyo draiva. Hiyo ndiyo naandika."

Nilipenda alivyolisema. Tangu hapo nilipomwona akigonga vitufe sikuona tena herufi za ajabu zikipanda kwenye kioo. Nilimwona mwanamke asiyeonekana, gizani, kabla ya jogoo, akipapasa ukuta wa nyumba ambayo bado hajaizoea.

Hapa kwetu stima ina tabia zake. Haipotei kwa adabu. Hupepesa kwanza, ikaenda, na ikirudi hurudi kwa kishindo kama ng'ombe aliyekata kamba. Imeua televisheni za watu na mafriji ya watu. Kwa hivyo kila nyumba, Kitale hadi Bungoma, ina utaratibu mmoja, na Fundi Naim alikuwa ameufanya sheria ya duka: stima ikipepesa tu, zima vyote. Ngoja itulie. Kisha washa kimoja kimoja, kikubwa kiwe cha mwisho. Shangazi yangu huchomoa hadi chaja ya simu isiyokuwa na simu.

Basi Huzaifa alipokaa kuandika ile draiva, akauliza kwa sauti, kama anayejiuliza mwenyewe, "Butiloda ikiamka, cha kwanza kabisa ifanye nini na hizi swichi?"

Tulijibu pamoja, mimi dirishani na Fundi Naim kaunta, na yeye mwenyewe midomo yake ikitembea na yetu. "Izime vyote."

Ilionekana ni jambo lisilohitaji mjadala. Akaandika hivyo: funga swichi zote, moja baada ya nyingine, subiri umeme utulie, kisha fungua moja moja, kompresa ya mwisho. Fundi Naim alikuja kusimama nyuma yake akasomewa. Akafurahi mpaka akavua kofia yake akaivaa tena.

"Sasa huyo butiloda," akasema, "amelelewa."

Bodi haikuamka.

Huzaifa alishuku betri, tukabadilisha betri. Akashuku waya, nikachomelea waya mpya. Akaishuku chipu yenyewe, na mimi nikaing'oa kwa hewa ya moto na kupandikiza nyingine huku nimeshika pumzi, maana kuisogeza chipu ile kidogo tu kando ni kuharibu yote. Ikakaa mahali pake vizuri, ikang'aa. Akawasha. Haikuamka. Aliongeza muda wa kusubiri, akaupunguza, akaongeza tena. Alianza kutembea kuanzia kaunta hadi mlangoni, akirudi akiwa na mandazi ambayo hakuyala, na Mama Zulekha akawa anatuma salamu: "Mwambieni huyo kijana aache kutesa chakula!"

Shangazi alikuwa akinipigia simu. Hakuuliza habari za friji hata mara moja.

"Mmekula?"

"Tumekula, shangazi."

"Haya." Halafu angenyamaza, na nyuma yake ningesikia ndoo zikigongana, na sauti za wanawake, na wakati mwingine cheko la mmoja wao. Kisha angesema, "Haya, mama. Kazi njema," na kukata. Kama angelia, au angenigombeza, ningelala vizuri zaidi.

Mimi nilikuwa nimechomelea taa ndogo ndogo, moja kwa kila swichi, ili tuone kwa macho kinachofanyika ndani ya ile punje nyeusi. Huzaifa alitazama laptopu, mimi nikatazama taa. Ukitazama kitu kimoja muda mrefu bila kukilazimisha, huacha kukuogopa. Taa ya kwanza ilizimika. Ya pili ikazimika. Ya tatu ikazimika. Ya nne ikabaki inawaka, na zilizofuata nazo zikabaki, na hapo kila kitu kikasimama. Hakikusogea tena hadi tuchomoe.

"Haifi," nilimwambia. "Inasimama."

"Kuna tofauti gani?"

"Ingekuwa inakufa, zote zingezimika. Hii ni kama mtu alikuwa anasema neno, akakatizwa katikati."

Aligeuka akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Inakatizwa na nani, sasa?"

Akarudi kwenye laptopu na mimi nikarudi kwenye taa, kila mtu na kipande chake cha jibu, bila kujua kwamba vipande viko viwili.

Mchana mmoja mvua ya Kitale ilishuka bila kubisha hodi. Mabati yaliunguruma hata hatukuweza kusemezana. Huzaifa alikuwa ameingia stoo, chumba cha nyuma kisicho na dirisha, kutafuta katoni ya nyaya za zamani. Balbu juu yetu ikapepesa. Ikapepesa tena.

"Zima vyote!" Fundi Naim akapaza sauti kutoka kaunta.

Mkono wangu ulikuwa umekwisha fika ukutani. Swichi zimejipanga pale mstari mmoja na vidole vyangu vinazijua bila mimi: bunduki ya risasi, feni, balbu ya mbele, balbu ya stoo. Tak, tak, tak, tak.

Kukasikika kishindo cha maboksi. Kisha sauti.

"Nasike! Mimi niko ndani, bana!"

Fundi Naim alianza kucheka.

"Unanizimia aje na mimi niko ndani? Hata mkono wangu siuoni!"

"Si ni utaratibu," Fundi Naim akamjibu, akijifuta machozi. "Kaa hapo, stima itulie."

Niliipeleka mikono kwenye swichi ili nimwashie, ila kitu kilinizuia. Huzaifa si mtu wa kunyamaza. Nilingojea matusi ya utani, au kelele za ami yake kumtetea msichana wa watu. Hakukuwa na kitu. Mvua tu. Kisha, kutoka gizani, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimeisikia kwake:

"Nasike. Taa ya mwisho kuzimika ni ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ya tatu tuliweka kwa swichi gani?"

Nilitazama bodi mezani. "Memori."

Halafu akaanza kucheka mle ndani, peke yake, taratibu kwanza, mpaka kitu kingine kikaanguka kutoka rafuni.

"Na mimi niko ndani," akasema. "Na mimi niko ndani!"

Nilimwashia taa. Akatoka na utando wa buibui kwenye nywele, hana habari nao, akaja mezani akaniegemea bega kama ndugu na kunieleza, ingawa nilikuwa nimeshaanza kuona. Butiloda ilikuwa imenenepa. Mwanzo wake mdogo uliishi mahali padogo, lakini ikishaamka ilihamia kwenye memori kubwa ili ipate nafasi ya kufanya kazi. Bodi ikipata stima, chipu huwasha swichi zote yenyewe bila kuambiwa, ya memori ikiwemo. Butiloda inaamka, inahamia, inaketi vizuri, halafu jambo la kwanza tulilolifundisha ni kuzima vyote. Inazima ya kwanza. Inazima ya pili. Inazima chumba ilichomo. Neno linakatika mdomoni.

Fundi Naim alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kofia. "Kwa hivyo ni sisi," akasema. "Ni hii stima yetu."

"Ni sisi, Ami," Huzaifa akasema. "Mtu wa Ulaya hangekosea hivi hata akitaka. Stima yake haijawahi kumtisha."

Marekebisho yenyewe yalikuwa mstari mmoja tu. Zima vyote, isipokuwa pale ulipo. Huzaifa aliuandika akaniuliza kama niko tayari. Nikaegemeza kidevu kwenye mikono. Taa ya kwanza ikazimika, ya pili ikazimika, ya tatu ikakaa. Ya nne ikazimika, na nyingine zote. Kwa muda niliouhisi kama wa pumzi moja, ilikuwa taa moja tu inayowaka kwenye bodi nzima, kama jiko la makaa katika nyumba iliyolala. Kisha zikaanza kurudi. Moja. Nyingine. Skrini ikang'aa. Na mwishoni kabisa, kidude kidogo cha kuiamsha kompresa, kilichofungwa pembeni mwa bodi, kikalia: tak.

Niliipiga meza kwa kiganja, kwa nguvu, hata bisibisi zikaruka. Mama Zulekha alikuwa amesimama mlangoni, sahani ya mandazi mkononi, mvua ikimchuruzika mgongoni. Aliona anachosimulia.

Tulilipelekea friji bodi yake siku moja kabla ya mkutano. Tulifunga mchana kutwa, Huzaifa chini ya tangi na mimi kwenye paneli, na jioni akina mama wakamimina maziwa yao humo wakitutazama kwa jicho la pembeni. Hilo la jioni halikuwa jaribio. Betri ilikuwa bado na nguvu. Jaribio lilikuwa alfajiri: betri ikiwa imekwisha, barafu peke yake ikishikilia baridi, na bodi imelala kabisa, jua la kwanza liiguse, dhaifu, na iamke yenyewe bila mkono wa mtu.

Nililala kwa shangazi. Hakuuliza kama nimekula, alinipa tu.

Kulipopambazuka tulikuwa pale, na wanawake karibu wote wa kikundi wamekuja na ndoo za asubuhi, wamejifunga khanga mabegani kwa baridi. "Mulembe, mulembe," watu wakasalimiana kwa sauti za kanisani. Kuta za banda zilikuwa za bluu, halafu za kijivu. Jua likaja kutoka upande wa milima ya Chetambe, likavuka mahindi, likapanda juu ya paneli kwa mwendo wa mtu mzee anayepanda ngazi. Hakuna aliyesogea. Shangazi Nabwile alisimama karibu na tangi, mikono nyuma, kana kwamba ametoka tu kutembea.

Taa zikawaka zote mara moja, zikazimika, ikabaki moja. Ikakaa peke yake. Nilijua inaangalia umeme kama umetulia, lakini wao hawakujua, na nilisikia mwanamke nyuma yangu akivuta hewa. Kisha ya pili. Kisha zile nyingine, kila moja na nafasi yake. Na tangi likatetemeka kidogo, likakohoa, likaanza kunguruma.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Shangazi aliketi juu ya debe lililopinduliwa, akaweka kiganja ubavuni mwa tangi, akakiacha hapo. Huzaifa alipewa chai kwenye kikombe kikubwa kuliko vyote, na mwanamke mmoja akamwambia anywe haraka apate nyingine, yeye ni mkwe, ni vile tu hajajua. Hapo ndipo wakacheka, na baridi ikaondoka.

Mama Absalom aliingia wakati huo, ndoo kichwani, viatu vimejaa umande. Alikuwa na ng'ombe aliyemsumbua, akasema. Akalitazama tangi. Akatutazama.

"Naona mmeliwasha."

"Limejiwasha," shangazi akasema.

"Limejiwasha!" Alitua ndoo yake polepole. "Nani ameona?"

"Hawa wote."

"Hawa wote ni watu wako, Nabwile. Mimi naona mafundi wawili wa Kitale wamesimama karibu na mashine." Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa mtu aliyechelewa, na alitaka kuona alichokosa. Wengine wakamwangalia shangazi.

Shangazi alibaki amekaa juu ya debe. Maziwa ya wote yalikuwa mle ndani, na kiganja chake bado kilikuwa kwenye tangi, kikitetemeka pamoja nalo. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa mtulivu kuliko nilivyowahi kuuona.

"Nasike, mama," akasema. "Lizime. Aone likiamka."

Wanawake wakanitazama. Huzaifa akakishusha kikombe. Jua lilikuwa limefika mlangoni, likalala juu ya vidole vya miguu yetu, na kompresa ilinguruma kwa sauti moja ya chini, kama mtu anayepika huku akiimba kwa pua. Nilifuta mikono yangu kwenye sketi, wa kulia kisha wa kushoto, nikalisikiliza, kisha nikanyoosha mkono kwenye swichi.